Maswali ya Wasomaji: Kihispania kwa Anayeanzia Kwenye Kiswahili

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Houston, Marekani, na ninafanya kazi katika jiko la hoteli ambako karibu wenzangu wote wametoka Mexico. Nimekariri majina ya rangi, wanyama na siku za juma kwa Kihispania, lakini wakinisemesha ninabaki kutabasamu tu. Mpishi wetu mkuu, mama mtu mzima, huniuliza kila asubuhi neno ninalolisikia kama «komo amanesió», nami sijui nimjibu nini. Nianzie wapi?
Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mama huyo anakuuliza «¿Cómo amaneció?», yaani umeamkaje. Kitenzi chenyewe, amanecer, maana yake ya msingi ni kupambazuka, kwa hiyo anachotaka kujua ni namna kulivyokukuchia, jambo ambalo mtu wa Tanga halihitaji kufundishwa. Mjibu: «Bien, gracias a Dios, ¿y usted?», yaani salama, namshukuru Mungu, na wewe je? Tumia usted kwake na kwa kila mtu unayemstahi, tú iache kwa marika wako, ambao watakuuliza «¿Cómo amaneciste?» kwa mazoea.

Rangi na wanyama vinaweza kungoja. Anza na maneno yanayokuingiza katika mazungumzo na kukuweka humo, na uyashike yakiwa sentensi nzima, si neno mojamoja. Unapopita nyuma ya mtu aliyeshika sufuria ya moto, sema «con permiso». Ukiitwa, au usiposikia vizuri, watu wa Mexico huitika «¿Mande?», na katika sikio langu hiyo ni «abee» kamili, kwa sababu «¿Qué?» peke yake mbele ya mkubwa husikika kama ukavu. Mlangoni utauliza «¿Se puede?», ambayo ni hodi, nawe utajibiwa «¡Pase!», ambayo ni karibu. Ukiwakuta wenzako wanakula, wewe unayepita ndiye unayesema «provecho», tofauti na kwetu ambako mwenye sahani ndiye anayekukaribisha. Kisha kuna sentensi mbili ambazo ningependa uzitumie kila siku bila haya: «No entiendo, más despacio, por favor», yaani sielewi, polepole tafadhali, na «¿Cómo se dice esto?», hiki kinaitwaje? Inua kisu, uliza, uambiwe «cuchillo», ukirudie papo hapo. Neno ulilopewa mkononi namna hiyo halikutoki.

Ninakusihi sana usijifunze matamshi kwa kupitia Kiingereza. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo husomwa karibu sawasawa na zetu. Ñ ni ny ya «nyanya», kwa hiyo mañana husomwa «manyana». H haitamkwi, na hola ni «ola». J hutoka kooni, ikikaribia kh ya wazee wetu wanaposema «kheri». Hata mkazo umekaa mahali tulipouzoea: neno linaloishia kwa irabu, n au s hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama permiso, na likivunja kanuni hiyo huwekewa alama, kama adiós. Yanayoishia kwa konsonanti nyingine, kama usted, hukaziwa mwishoni. Kazi ngumu itakuwa rr, ambayo lazima ulimi uitetemeshe, la sivyo perro, mbwa, atageuka kuwa pero, lakini.

Vilevile huhitaji kutaja «mimi» kila mara. Sisi huweka mtenda mwanzoni mwa kitenzi, wao humweka mwishoni: ninahitaji ni necesito, ninataka ni quiero.

Jioni uwaage kwa «hasta mañana», mpaka kesho. Hasta hiyo imetokana na hatta ya Kiarabu, ileile iliyotupatia «hata», ambayo zamani ilitumika sana kwa maana ya mpaka. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492. Ndiyo maana sukari kwao ni azúcar. Mesa na bandera utazitambua bila kuambiwa, kwa kuwa meza na bendera tulizipokea kutoka Kireno, ndugu wa karibu wa Kihispania.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwongoza watalii Arusha. Wageni kutoka Madrid waliniambia «mañana a las seis», nikamwambia dereva saa sita. Waliamka alfajiri wakasimama nje ya hoteli, gari lisionekane. Nilikosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Pole, ndugu yangu. Namba uliisikia sawasawa, kwani seis ni sita, ila wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, nasi tunaanzia macheo na machweo. Seis ya asubuhi ni saa kumi na mbili, siete ni saa moja, na «es la una» ni saa saba. Mtego mwingine ni mañana yenyewe, ambayo ni kesho na pia ni asubuhi. Kesho asubuhi ni «mañana por la mañana». Wageni hao wa Madrid, tofauti na watu wa Mexico, hutamka c iliyo mbele ya e au i kama th ya «thelathini», kwa hiyo gracias utaisikia «grathias».

Wakikutajia saa, irudie mbele yao: «¿A las seis de la mañana?» Wakijibu «sí», mwambie dereva: kesho, saa kumi na mbili alfajiri.