Kuuza umeme kwa jina lenu huku leseni ni ya mwenzenu: niliyoyaona Uingereza

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama chama chenu cha nyumba huko Uingereza kinaweza kuwauzia wapangaji umeme na gesi kwa jina la chama bila kuwa na leseni ya Ofgem, mdhibiti wa umeme na gesi wa huko. Kinaweza. Nimefanya kazi hiyo miaka minne katika chama cha nyumba kaskazini mwa England, na ningependa mwingie mkiwa mmeshaona tulichochelewa kukiona sisi.

Utaratibu wenyewe unaitwa waiti lebo (white label). Kampuni yenye leseni ndiyo inayonunua umeme na gesi, inayotoa bili na inayowajibika kwa Ofgem. Nyinyi mnatoa jina, nembo na imani ambayo watu wenu wanayo kwenu, kisha mnalipwa kamisheni kwa kila mteja. Wenye maduka wa Sainsbury's waliuza hivyo kupitia kampuni ya umeme na gesi ya British Gas, M&S (nao ni wenye maduka) kupitia kampuni ya SSE na baadaye Octopus. Januari 2020 Meya wa London alizindua huduma ya umeme na gesi ya London Power, Octopus wakiwa nyuma yake.

Sisi tuliingia kwa sababu ya mita za kulipia kabla. Wapangaji wetu wengi walikuwa nazo, na wakati ule uniti zake zilikuwa ghali kuliko za wanaolipa kwa makato ya benki kila mwezi. Ubaya zaidi ulikuwa deni. Mpangaji anahama, deni lake linabaki kwenye mita, na anayeingia anaanza kulilipa bila kujua. Nakumbuka mama mmoja aliyejaza pauni 20 jioni ya kwanza, akiwa na mtoto mchanga, na sehemu kubwa ikaliwa na deni la mtu asiyemjua. Kwa hiyo tulikubaliana na mwenzetu mwenye leseni: nyumba ikiwa tupu, mita inahamishiwa kwake, deni linaondolewa, na mpangaji mpya anakabidhiwa funguo mita ikiwa safi. Hilo lilifanya kazi, na mpaka leo naona ndilo jambo la maana zaidi tulilolifanya.

Lakini tangu 2023 pengo la bei kati ya mita hizo na makato ya benki limezibwa, kwanza na serikali, kisha na Ofgem. Kama hoja yenu kwa bodi ni unafuu wa mita za kulipia kabla, itazameni upya.

Shida yetu ilianza mwaka wa tatu, mwenzetu alipobadilisha mfumo wa bili. Watu wakaanza kupata bili za mita zisizo zao. Mzee mmoja alikuja ofisini ameshika bahasha yenye nembo yetu, akamuuliza dada wa mapokezi kwa nini tunamdai umeme wa jirani. Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuwa na ruhusa hata ya kufungua akaunti yake. Kisheria mwenye leseni ndiye wa kujibu, na lalamiko lisilotatuliwa ndani ya wiki 8 mteja anaweza kulipeleka Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya umeme na gesi. Lakini mzee yule hakuwa na habari na mwenye leseni. Alitujua sisi, na kodi ya nyumba analipa kwetu.

Basi rasimu ya mkataba ikija, msianze na ukurasa wa kamisheni. Tafuteni panaposema mteja ni wa nani. Mkataba wetu ulisema taarifa zote za wateja ni za mwenye leseni. Tulipoamua kuondoka hatukuruhusiwa hata kuwaandikia watu kwamba tunaondoka. Daini haki ya kuona akaunti za wapangaji wenu kwa idhini yao, muda maalumu wa kujibu malalamiko, na haki ya kuwaarifu wateja mkiachana.

Halafu ulizeni itakuwaje mwenzenu akianguka. Robin Hood Energy, kampuni ya halmashauri ya jiji la Nottingham, ilikuwa na leseni, na halmashauri nyingine ziliuza kupitia kwake kwa majina yao, Leeds wakiwa na White Rose Energy. Ilipofungwa 2020, wateja walihamishiwa British Gas, wale wa White Rose pia. Leeds hawakuwa wameendesha kampuni ile, lakini jina lao lilizimika nayo.

Kuhusu faida, msiiwekee bajeti. Bei za gesi zilipopanda 2021, kikomo cha bei cha Ofgem, yaani bei ya juu ambayo kampuni inaruhusiwa kumtoza mteja, kilikuwa chini ya gharama ya kununua. Karibu hakuna kampuni iliyotaka mteja mpya, mipango ya bei isiyobadilika kwa muda maalumu ikaondolewa sokoni, na kamisheni yetu ya wateja wapya ikakauka. Siku hizi kikomo kinabadilishwa kila miezi 3, kwa hiyo aulizwe mwenzenu bei yenu itakaa umbali gani chini yake, na iandikwe kwenye mkataba.

Kama nyumba zenu ni chache, kuna njia nyingine: chukueni makubaliano ya nyumba tupu peke yake, mita kuhamishwa na deni kusafishwa, bila nembo yenu kukaa kwenye bili. Kampuni kadhaa hukubali. Mzee akipata bili ya jirani mtampeleka kulalamika mkiwa upande wake, si upande wa anayemdai.