Kwa nini hewa inapashwa moto kwa umeme kwanza

Yaya, umeuliza kwa nini hewa inayopulizwa kwenye vyombo vya kuruka kwa kasi kubwa, ili kuvijaribu hapa chini ardhini, inapashwa moto kwanza. Hewa ikitanuka ghafla kwenye nozeli (mdomo wa bomba unaoiongezea mwendo) ili ifikie kasi hiyo, inapoa mno, hata inaweza kugeuka kimiminika. Tena chombo kinachorudi kutoka anga za juu hukutana na joto kali, lazima lipatikane kwenye jaribio. Kinachoipasha moto ni tao la umeme, yaani umeme unaoruka hewani kati ya vipande viwili vya chuma, kama la mafundi wa kuchomelea mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, ila mtambo wa majaribio hayo wa Capua, Italia, unafika megawati 70! Elektrodi zake (vipande ambavyo umeme unaruka kati yake) ni za shaba, madini ya kwetu kabisa, na maji yanazipoza mfululizo. Hata hivyo shaba kidogo huliwa na kuchafua hewa, jambo linalowasumbua sana wapimaji.