Mizani haijui misuli

Miezi miwili sasa kila alfajiri natembea Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, na jioni nanyanyua vyuma vidogo nyumbani. Sketi inanipwaya, lakini mizani ya duka la dawa inang'ang'ania kilo 81. Nakosea wapi? (Mama, Majengo)

Hukosei popote, dadangu. Mizani hupima vyote kwa pamoja: mifupa, maji, misuli, mafuta, hata chai uliyokunywa kabla ya kutoka. Mafuta yakipungua na misuli ikaongezeka kwa uzito uleule, mshale hausogei. Sketi ndiyo inayokwambia kweli.

Azima tepu ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi, usijivute tumbo, kisha izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako: ukiwa na sentimita 160, kiwe chini ya 80. Mafuta ninayoyaogopa mimi ni yale yanayozingira ini na matumbo, kwa kuwa ndiyo yanayoandamana na sukari na presha. Ya mapaja na makalio hayana hatari kiasi hicho, na wanaomsimanga mwanamke kwa hayo wanamwonea.

Maji moto na ndimu asubuhi yanayeyusha mafuta? (Kijana, Kisauni)

Hayayeyushi. Ukiyapenda, yanywe badala ya soda.

Ramadhani nilipungua kilo 4. Wiki mbili baada ya Idi zimerudi zote. (Baba, Mji wa Kale)

Sehemu ya kilo hizo ilikuwa maji, baba. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushika kama gramu 3 za maji. Akiba ikipungua, maji huondoka nayo. Ukirudi kwenye biriani, yote hurudi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni misuli, maana anayepungua upesi bila protini huipoteza pia. Daku isiwe chai na mkate tu: weka mayai, maharage au kipande cha samaki. Kupungua nusu kilo kwa wiki kwatosha.

Nina miaka 43. Ni kweli ukipita 40 mwili huwa mzito kuchoma chakula? (Bibi, Tudor)

Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Utafiti uliochapishwa 2021, uliopima zaidi ya watu 6,000 wa nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, uchomaji hubaki palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Hivyo usiusingizie umri. Angalia saa unazokaa kitako, usingizi wako, na misuli isiyopewa kazi.

Niache mahamri na mbaazi? (Mama wa watoto watatu, Likoni)

Mbaazi usiziache hata kidogo, mama. Zina protini na nyuzinyuzi, na zinashibisha. Kesi iko kwenye tui na mafuta ya karai. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kinafika kalori 120 hivi. Pikia mbaazi tui la pili, kasimile, lile tui zito la kwanza, uitie kidogo tu mwishoni. Karai nalo lishike moto kabla ya kutia mahamri, kwani kwenye mafuta yaliyopoa hayafuri, yanayanywa. Kisha pakua mawili, bakuli la mbaazi lijae.