CorelDRAW, Illustrator au Inkscape? Jibu la mtu wa zamani kwenye kudizaini

Ndugu uliyeuliza kama bado kuna faida ya kujifunza CorelDRAW, programu ya kuchora na kupanga kazi za uchapaji, wakati wenzako wote wanakimbilia Canva, ile ya kudizaini mtandaoni kwa violezo vilivyo tayari, nakujibu kama mtu aliyelea familia kwa kazi hii pale Kariakoo: kadi za harusi, vitabu vya risiti, fulana, mabango ya mahafali.

Mimi nilianza na PageMaker, ya kupanga kurasa, na FreeHand, ya kuchora. FreeHand niliipenda kuliko zote, kalamu yake ilikuwa laini na haikukuchelewesha. Kampuni ya Adobe, wenye Photoshop na Illustrator, ilikuwa imeshainunua kampuni ya Aldus, wenye PageMaker, mwaka 1994. Mwaka 2005 ikainunua na Macromedia, ambayo ndiyo ilikuwa na FreeHand wakati huo, na baadaye FreeHand ikaachwa ife. Kufa kwa programu unazoea. Kinachouma ni mteja kurudi baada ya miaka anataka nembo yake ileile, faili unalo, na hakuna cha kulifungulia. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni hili: nikiiacha, kazi zangu nitatoka nazo?

CorelDRAW ilitoka 1989 na ikatushika sisi wa uchapaji kwa sababu ilikaa kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows, ikaunganisha maandishi, michoro na kurasa nyingi mahali pamoja. Mafundi wengi wa fulana na mabango bado wanaipokea bila maswali. Jifunze. Ila ujue toleo la zamani halifungui faili la toleo jipya. Kwa hiyo uliza kwanza huko unakopeleka kazi wana toleo gani, kisha wakati wa kusevu chagua hilo. Na maandishi yote yageuze kuwa michoro kwa Ctrl+Q, maana fonti yako nzuri ikikosekana kwenye kompyuta ya mchapaji, jina la bibi harusi litatoka kwa mwandiko wa barua ya ofisini. Nakala yenye maandishi yanayoharirika ibaki kwako.

Photoshop ni ya picha. Leya, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, zilizoingia toleo la 3.0 mwaka 1994 zilibadilisha kabisa namna tunavyofanya kazi, lakini nembo usiichore humo. Ile ya ukubwa wa kadi ukiivuta hadi bango la mita tatu, kingo zote zinachanika. Nembo ni kazi ya vekta, mchoro wa mistari unaokuzwa bila kuharibika, kama wa CorelDRAW, Illustrator au Inkscape.

Illustrator ni programu bora, sibishani na mtu. Tatizo langu ni malipo. Toleo la CS6 la 2012 ndilo la mwisho kuuzwa ukalipa mara moja ikawa yako. Baada yake ni kulipia kila mwezi au mwaka. Kijana anayepata kazi msimu wa harusi halafu anakaa kavu miezi miwili, malipo hayo yanamfungia mlango wa kazi zake mwenyewe.

Ndiyo maana wanaoanza nawaelekeza Inkscape. Ni ya bure, ipo tangu 2003, na toleo la 1.0 lilipotoka 2020 ilikuwa imekomaa. Faili lake ni SVG, kiwango kilicho wazi ambacho programu nyingi zinakisoma. Udhaifu wake mkubwa ni rangi: inafanya kazi kwa RGB, rangi za skrini, na mashine inachapa kwa wino wa rangi nne, CMYK. Ile buluu inayowaka kwenye skrini itapoa kwenye karatasi. Mimi napitisha kazi Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, kutengeneza PDF ya CMYK, na kwa kazi kubwa nadai sampuli moja kabla ya kuchapa zote.

Canva itumie kwa tangazo la WhatsApp la leo jioni, inatosha.

Ukitaka kuanza wiki hii, piga picha kibao cha duka lililo karibu nawe, kiweke Inkscape, na ukichore upya kwa kalamu kwa nodi (vile vidoti vinavyoshika mstari) chache iwezekanavyo. Herufi S ikikulainikia, hamia kwenye rangi.