Kwa nini rota huhamisha protini ya seli badala ya kuiharibu?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, Muheza. Nimesoma kwamba virusi vya rota huihamisha protini ya seli ili vizaliane. Kwa nini visiiharibu tu? Na je, hilo ndilo linalomharisha mtoto?

JIBU: Asante, Sista. Somo hili nalifundisha maabara na bado linanisisimua.

Katika seli isiyoambukizwa, maagizo ya kutengeneza protini hutoka kwenye kiini yakiwa kwenye RNA yenye mkia mrefu wa herufi A. Nje ya kiini, protini iitwayo PABP, ndiyo hiyo uliyoiulizia, huushika mkia huo, kisha hujifunga na nyingine, eIF4G, iliyo upande wa kichwa. Kichwa na mkia vikikutana, ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kutengeneza protini, huisoma RNA hiyo tena na tena.

RNA za rota hazina mkia wa A. Ncha zake hushikwa na protini ya kirusi chenyewe, NSP3, ambayo pia hung'ang'ania eIF4G palepale pa PABP, tena kwa nguvu zaidi. PABP inabanduka. Haikatwikatwi, inaishia ndani ya kiini. Tukizitia rangi ing'aayo seli za figo za tumbili, ambazo ndizo tunazooteshea rota, mwanzoni PABP inaonekana imetanda nje na kiini ni cheusi. Saa chache baada ya maambukizi, kiini ndicho kinachong'aa. RNA za seli nazo zinarundikana humohumo, hazifiki kwenye ribosomu.

Kuharibu kusingeongeza kitu: PABP iliyofungiwa kwenye kiini haina kazi tena huko nje. Watafiti walipoizima NSP3, PABP ilibaki nje na seli ikaendelea na kazi zake, lakini kirusi nacho kiliendelea kutengeneza protini zake vizuri tu. Ndiyo maana mimi naona faida kubwa ya uhamisho huu ni kuinyamazisha seli, isipate kutengeneza hata protini za kujikinga.

Kuhara ni habari nyingine. Protini ya rota iitwayo NSP4 hupandisha kalsiamu ndani ya seli za utumbo, maji na chumvi vikamwagika, huku seli za kufyonza zikiharibika. Kwa hiyo hapo kliniki endelea na ORS na zinki, na mtoto apate matone yake ya chanjo kwa ratiba.