Mnofu mtupu ni njaa ya mifupa: maswali yenu kuhusu mondo (paka mwitu) na paka chotara

SWALI: Mondo wangu ana miezi minne. Namlisha kifua cha kuku kisicho na mfupa, na anakula kwa hamu. Juzi ameanza kuchechemea, na sasa hataki kurukia kiti. Je, ameteguka?

JIBU: Usimkande wala usimfunge bandeji. Mpeleke leo kwa daktari wa mifugo, apigwe eksirei ya mwili mzima, si ya mguu ule tu. Kwa mlo huo, jambo la kwanza la kushuku ni upungufu wa kalsiamu. Mnofu una fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, ilhali paka anayekua anahitaji kalsiamu izidi kidogo, kama 1.2 kwa 1. Damu ikikosa kalsiamu, mwili huichota mifupani. Mfupa hubaki mwembamba, nao huweza kuvunjika mnyama akiruka chini kutoka kitini tu. Pengine haruki kwa sababu anaumwa.

Hadi aonwe, mweke kwenye kizimba kisicho na cha kupanda, na umbebe kwa mikono miwili, kifua na makalio.

Chakula bora kwake ni windo zima: panya, kware, vifaranga. Humo nyama, mfupa, ini na moyo vimo pamoja. Ukilazimika kutumia mnofu, kila kilo ichanganye na gramu 5 hadi 6 za kalsiamu kaboneti (unga laini wa maganda ya mayai unafaa, kijiko kimoja cha chai kilichojaa) na miligramu 1,000 za taurini, kirutubisho cha lazima kwa paka. Taurini ikipungua kwa muda mrefu, moyo hutanuka na macho hupofuka. Ini lisizidi asilimia 5 ya mlo. Likizidi sana, vitamini A hulimbikizana na pingili za shingo hugandana. Kwa huyu ambaye huenda tayari ameathirika, daktari ndiye apange kipimo.

Samaki wabichi usiwazoeshe. Wengi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na dalili yake utaiona wazi: shingo inalegea, kidevu kinagusa kifua. Mifupa iliyopikwa nayo ni marufuku, maana hupasuka vipande vyenye ncha.

Mtoto hula karibu asilimia 10 ya uzito wake kwa siku, katika milo mitatu au minne. Mkubwa wa kilo 12 huanza na gramu 500 hadi 600. Mpime kila wiki, urekebishe. Akiwahiwa, mifupa huanza kujaa tena ndani ya wiki chache.

SWALI: Muuzaji ananiambia Savannah (chotara wa mondo na paka wa nyumbani) wa kizazi cha pili ni sawa tu na paka wa nyumbani. Nimwamini?

JIBU: Hapana. Wa kizazi cha kwanza mzazi wake mmoja ni mondo. Wa pili, babu au bibi yake. Damu ya mondo kwa wa pili bado ni kama robo. Kuanzia kizazi cha nne au cha tano ndipo wengi hutulia na kuridhika na chakula cha kopo kilichoandikwa kuwa ni kamili. Uliza sheria kabla ya kulipa. Uingereza hudai leseni kwa wa kizazi cha kwanza, jimbo la New York, Marekani, huruhusu kuanzia cha tano, na jimbo la Georgia halikubali hata mmoja.

SWALI: Mondo wangu amehasiwa lakini bado anakojolea kuta. Nifanyeje?

JIBU: Anaweka mipaka ya eneo lake, na kuhasi hupunguza tu tabia hiyo, hakuiondoi. Majike nao hufanya hivyo. Mjengee uwanja wa nje wenye paa la wavu, kwani mondo huruka zaidi ya mita 2 kwenda juu. Kuta zisafishe kwa dawa yenye vimeng'enya. Dawa yenye amonia inanuka kama mkojo, na atarudi pale pale kujibu.