Maswali ya Wasomaji: BIOS mpya, kompyuta haitulii tena

Toleo hili tumeyaweka pamoja maswali ya wasomaji waliopandisha kasi ya prosesa au RAM, wakasasisha BIOS ya mazabodi (programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta na kushika mipangilio yake), kisha mambo yakaharibika. Majina ya mipangilio tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

SWALI: Ndugu mhariri, nina Ryzen 7 7700X na RAM ya DDR5-6000 CL30, vipande viwili vya GB 16. Nilikuwa nimewasha EXPO (mpangilio wa tayari wa kasi ya RAM) na kushusha Curve Optimizer (inayopunguza volti ya prosesa) hadi -30 kwa viini vyote, na mashine ilitulia kabisa. Nimesasisha BIOS, nikarudisha namba zilezile, na sasa inajizima na kuwaka upya nikiwa nasoma habari tu kwenye intaneti. Cha ajabu, Cinebench, programu ya kuipima prosesa, naiendesha nusu saa bila shida yoyote. Je, prosesa imekufa?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Haielekei kuwa imekufa. Namba ulizorudisha ni zilezile, lakini chini yake pamebadilika. Kila BIOS ya AM5, soketi ya prosesa yako, inabeba AGESA, programu ya AMD inayoongoza jinsi prosesa inavyoamka, inavyoomba volti na inavyoizoesha RAM (kuipimia nyakati zake kila inapowaka). Toleo jipya linaweza kubadilisha kila kitu ulichoacha kwenye "Auto": volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayoongea na RAM), Load-Line Calibration (inayofidia volti inayoshuka mzigo ukiongezeka), hata nyakati ndogondogo za RAM ambazo EXPO haizitaji. Curve Optimizer nayo haiweki volti maalumu. Inakata kutoka kwenye mstari uliopo wa volti kwa kila kasi, takriban milivolti 3 hadi 5 kwa kila hatua, kwa hiyo -30 ni kati ya milivolti 90 na 150. Mstari ukisogea kidogo tu, aliyekuwa ukingoni anadondoka.

Cinebench haikuonyeshi hilo kwa sababu inatumikisha viini vyote kwa pamoja. Hapo 7700X inabanwa na kikomo cha wati 142 au nyuzijoto 95, na kasi inashuka. Ukifungua ukurasa wa intaneti, kiini kimoja au viwili vinaruka hadi GHz 5.4, na hapo ndipo volti uliyokata inapohitajika zaidi. Ndiyo maana hatuipi Cinebench uzito wowote katika kupima utulivu wa Curve Optimizer.

Anza upya kwa mpangilio huu, na usiruke hatua.

Ingia BIOS, chagua Load Optimized Defaults, hifadhi, kisha tumia kompyuta siku nzima ikiwa hivyo, RAM ikiwa chini ya kasi ya EXPO. Ikijizima hata hapo, tatizo haliko kwenye mipangilio yako. Angalia pawasapulai, waya wa pini 8 wa prosesa, au rudia kuweka BIOS. Ikitulia, washa EXPO peke yake na uendeshe MemTest86 mizunguko minne. Kosa moja ni kosa. Hakuna kosa dogo kwenye RAM, maana hilohilo moja linaweza kuandika faili lako vibaya bila wewe kujua.

Makosa yakitokea, fungua HWiNFO, programu inayoonyesha vipimo vya kompyuta, usome volti ya SoC. Kwa DDR5-6000 iweke mwenyewe kati ya volti 1.20 na 1.25 badala ya kuiachia Auto. Usivuke 1.30. Hicho ndicho kikomo AMD ilichokiweka mwaka 2023 baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000, hasa za X3D, kuungua kwenye soketi. Hakikisha UCLK (kasi ya kidhibiti cha RAM) inalingana na MCLK (kasi ya RAM yenyewe), zote MHz 3000, na FCLK (kasi ya njia ya ndani ya prosesa) iko MHz 2000. Kisha zima Memory Context Restore. Mpangilio huo huhifadhi matokeo ya kuizoesha RAM ili kompyuta iwake haraka. Matokeo yakihifadhiwa mabaya, utawasha mashine na ubovu uleule kila asubuhi. Ukiuzima, kuwaka kutachukua muda mrefu zaidi, na mara ya kwanza baada ya mabadiliko skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Subiri, usibonyeze kitufe cha kuzima. Ukija kuurudisha baadaye, washa na Power Down Enable pamoja nao.

RAM ikishafaulu, ndipo urudi kwenye Curve Optimizer. Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute tukio namba 18 la WHEA-Logger, yaani kosa la vifaa ambalo Windows imeliandika. Ndani yake kuna APIC ID, namba inayotambulisha kiini. Kwa 7700X, ambayo kila kiini kina nyuzi mbili za kazi (threads), gawanya namba hiyo kwa 2 na uache desimali: APIC ID 7 ni kiini namba 3. Kiini hicho ndicho kilichoshindwa. Kitoe -30 ukiweke -25, usiviguse vingine. Usihangaike sana na tukio namba 41 la Kernel-Power. Hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, na umeme ukikatika mtaani utaliona pia.

Baada ya hapo tumia CoreCycler, programu ya bure inayopima kiini kimoja kimoja. Chagua jaribio la Prime95 katika hali ya SSE, si AVX2 iliyo nzito zaidi, kwa sababu mzigo mwepesi ndio unaoruhusu kasi ya juu kabisa. Dakika 20 kwa kila kiini, viini 8, ni saa 2 na dakika 40 kwa mzunguko mmoja. Iache usiku kucha. Mara nyingi viini ambavyo BIOS au Ryzen Master, programu ya AMD, huvitaja kuwa bora ndivyo visivyovumilia kukatwa sana, kwa kuwa tangu kiwandani vimepewa volti ndogo kwa kasi kubwa. Usishangae viini viwili vikiishia -10 na vingine vikabaki -25. Namba moja kwa viini vyote ni ya kuanzia tu.

Jambo la mwisho: usipakie profaili uliyohifadhi kwenye BIOS ya zamani, hata kama toleo jipya linaikubali. Nafasi za mipangilio ndani yake zinaweza kuwa zimehama. Andika upya kwa mkono. Kabla ya kusasisha tena, piga picha za kurasa zote. Kwenye mazabodi nyingi F12 huzihifadhi kwenye flashi yenye FAT32.

SWALI: Nina Core i7-14700K kwenye mazabodi ya Z790. Nilipunguza volti kwa kushusha AC Load Line (mpangilio unaoamua volti ya ziada ambayo prosesa inaomba) ili joto lipungue. Baada ya BIOS mpya, kasi inaonekana ileile GHz 5.5, lakini kutengeneza video kunachukua muda mrefu zaidi. Fundi ananiambia nirudishe BIOS ya zamani. Nimsikilize?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Hapana, na tunalisema bila kusita. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 za Intel za mezani zilipatikana na tatizo la kuomba volti kubwa kupita kiasi, ambalo linazichakaza polepole na uharibifu wake haurudi nyuma. Maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa inayokuja na BIOS) 0x129 ya Agosti 2024 iliweka kikomo cha volti 1.55 kwa maombi hayo, 0x12B ikafuata Septemba 2024, na 0x12F Mei 2025. Kurudi nyuma ni kuondoa kinga hiyo.

Upungufu unaouona una vyanzo viwili, na ni rahisi kuvitenganisha. Fungua HWiNFO wakati unatengeneza video. Soma kwanza nguvu ya prosesa. Mazabodi nyingi zamani ziliandika kikomo cha wati 4095, yaani bila kikomo. Sasa zinafuata Intel Default Settings, na kwa 14700K hiyo ni wati 253. Ukiona nguvu imeganda kwenye 253 na kasi inashuka, huo ndio mpango uliokusudiwa.

Kisha linganisha kasi ya kawaida na mstari ulioandikwa Effective Clock. Ya kwanza ikisema 5.5 na ya pili ikisema 4.7 wakati kiini kina mzigo kamili, basi ni CEP, ulinzi ambao BIOS mpya imeuwasha. CEP inaangalia volti inayofika ikilinganisha na iliyoombwa. Ulipoishusha AC Load Line mbali na DC Load Line (mpangilio mwenzake unaotumika kukadiria volti inayofika), CEP inadhani umeme umeporomoka, nayo inaruka baadhi ya mapigo ili kujiokoa. Kasi iliyoandikwa haibadiliki, kazi inayofanyika ndiyo inayopungua.

Dawa ni kuipandisha AC Load Line kidogo kidogo kuelekea thamani ya DC hadi Effective Clock ikaribiane na kasi iliyoandikwa, kisha upunguze volti kwa njia ya offset (kiasi kilekile kwa kasi zote): anza na milivolti 30, pima, ongeza 10 kila mara. Baadhi ya mazabodi za Z790 zinaruhusu kuzima CEP. Inawezekana, lakini ukishaizima huna kipimo cha kukuonya kwamba umekata kupita kiasi, hivyo jaribio refu la OCCT, programu ya kupima utulivu, linakuwa la lazima.

Kama kompyuta inaanguka hata kwenye mipangilio ya Intel bila kuguswa, hasa michezo ya Unreal Engine ikidai kumbukumbu ya video haitoshi huku kadi ina ya kutosha, au mafaili yaliyobanwa yakigoma kufunguka, prosesa huenda imeshachakaa. Maikrokodi haiponyi iliyokwisha kuumia. Intel iliongeza dhamana kwa miaka miwili, ikawa mitano kwa zilizouzwa kwenye boksi. Tafuta risiti yako na udai nyingine.

SWALI: Baada ya kusasisha, kompyuta imeleta ukurasa wa bluu inanidai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Sikuwahi kuweka kitu kama hicho.
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: BitLocker ni usimbaji wa diski, na Windows huweza kuuwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Ufunguo upo kwenye akaunti hiyo. Ingia kwa simu, upande wa vifaa vyako, na ulinganishe Key ID (namba ya utambulisho wa ufunguo) na ile iliyo kwenye skrini. Kama mazabodi ya AMD inakuuliza kuhusu fTPM (sehemu inayotunza funguo za usimbaji) na kukupa chaguo la Y au N, bonyeza N hadi utakapokuwa na ufunguo mkononi. Y inafuta funguo zilizomo. Siku nyingine, kabla ya kusasisha, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `manage-bde -protectors -disable C:`.

SWALI: Niliongeza vipande viwili vya RAM siku ileile niliyosasisha BIOS. Sasa vinne vyote havifiki 6000 kwenye Ryzen 7600X.
*Msomaji, Kampala*

JIBU: BIOS haina hatia hapa. Kwa Ryzen 7000, AMD inaahidi DDR5-5200 kwa vipande viwili, na DDR5-3600 tu kwa vinne. Zaidi ya hapo ni bahati ya prosesa yako. Jaribu 4800, kisha 5200, ukipima kila hatua. Ukihitaji GB 64 kwa kasi ya 6000, viuze vinne ununue viwili vya GB 32.

SWALI: Umeme ulikatika katikati ya kusasisha. Mashine haiwaki kabisa.
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Tazama nyuma ya mazabodi kama kuna kitufe cha Flashback. Kinaandika BIOS bila kuhitaji prosesa wala RAM, mradi waya wa pini 24 na wa pini 8 vimechomekwa. Flashi iwe FAT32, faili liwe na jina hasa lililotajwa kwenye kitabu cha mazabodi, na uchomeke kwenye tundu lenye alama yake, si lolote. Shikilia kitufe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu hicho hadi taa ianze kumetameta, kisha usiguse hadi iache. Kama kitufe hakipo, chipu ya BIOS itaandikwa na fundi mwenye programa ya CH341A. Mwambie aangalie kwanza volti ya chipu, kwa sababu nyingine ni za 1.8 na programa ya kawaida hutoa 3.3.

Ikiwaka, angalia feni kabla ya kupandisha kasi yoyote. BIOS mpya inafuta mipango ya feni, na pampu ya kupoza kwa maji inaweza kurudi kwenye Auto ikazunguka polepole. Iweke kasi kamili. Katika chumba cha nyuzijoto 31 au 32, RAM ya DDR5 iliyopandishwa tREFI (muda kati ya kuhuisha data yake) huanza kutoa makosa ikipita nyuzijoto 50 na kitu, na HWiNFO inalionyesha joto hilo kwa kila kipande.